Safari Isiyo na Tarehe ya Kurudi

Anayepanga safari huanza na mwisho wake. Hata kabla hajakunja nguo, anajua atarudi lini: tiketi ameikata ya kwenda na kurudi, kazini ameomba likizo, watoto wamebaki kwa bibi yao. Tarehe hiyo ni kinga. Wahenga walimpa mgeni siku mbili, ya tatu jembe. Msafiri mwenye tarehe huaga kabla jembe halijatolewa, akarudi na kuyakuta maisha yake pale pale alipoyaacha. Ndiyo maana siamini kwamba umbali ndio unaobadili maisha ya mtu. Kinachoyabadili ni kushikishwa jembe.

Mwaka 1866 Sayyida Salme, bintiye Seyyid Said wa Unguja, alitoroka kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden. Alikuwa na mimba ya Heinrich Ruete, mfanyabiashara Mjerumani, na kubaki kungehatarisha maisha yake. Huko Aden alibatizwa kwa jina la Emily, wakaoana mwaka 1867, wakaelekea Hamburg. Kutoroka alikupanga. Ujane ugenini hakuupanga: mwaka 1870 mumewe alikufa kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu wadogo katika nchi ambayo lugha yake alijifunza ukubwani.

Sasa turudi nyuma kidogo. Utotoni mwake, mabinti wa jumba la kifalme walifundishwa kusoma Kurani, kuandika hapana. Salme alijifundisha mwenyewe kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Ujuzi huo ulianza kwa kumponza: mwaka 1859, angali kigoli, ndiye aliyeandika barua za njama ya kaka yake Barghash dhidi ya kaka yao mwingine, Sultani Majid. Huko Ujerumani ujuzi huo ukamfaa. Alifundisha Kiarabu, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Kalamu, basi, alikuwa nayo kabla ya kupanda meli. Safari ilimwondolea vingine vyote vya kuegemea.

Karne moja baadaye mwandishi Abdulrazak Gurnah aliondoka Unguja baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, hajatimiza hata miaka ishirini. Alianza kuandika uhamishoni Uingereza akiwa na miaka 21, na ni mwaka 1984 tu ndipo alipoweza kurudi kumwona baba yake. Tuzo ya Nobel ya Fasihi aliipata mwaka 2021.

Hapo nasita. Tuzo huinyoosha njia kwa nyuma, tukadhani mateso yalikuwa ada ya shule. Wapo wenye vipaji vile vile waliokimbia, wakaosha vyombo katika mahoteli ya watu mpaka uzee, na hakuna anayeandika kwamba safari iliwabadili. Iliwabadili pia. Jembe si lazima lipate shamba lenye rutuba.

Salme alirudi Unguja mwaka 1885, safari hii akiwa na meli za kivita za Ujerumani, akidai urithi wake. Kansela wa Ujerumani, Bismarck, alimtumia kama karata katika mchezo wake na Sultani. Kitini sasa alikaa Barghash, yule yule aliyeandikiwa barua zile. Alikataa kumpokea.