Moto wa Melita

Soma Matendo 27:39–28:10. Paulo alipokea nini kwa watu ambao hakutazamia kukutana nao?

Paulo alikuwa akipelekwa Rumi akiwa mfungwa. Baada ya siku 14 za tufani merikebu ilivunjika, lakini watu wote 276 walifika pwani salama. Melita hapakuwa na kanisa la kumpokea. Hata hivyo, wenyeji wasiomjua Mungu wake waliwasha moto kwa sababu ya mvua na baridi.

Hivyo mtume aliyezoea kutoa alianza kwa kupokea. Naye hakukaa tu akiota moto, aliokota kuni. Baadaye alimwombea baba yake Publio, aliyeugua homa na kuhara damu, akapona. Miezi mitatu ilipopita, wenyeji waliwapa wasafiri mahitaji yao ya njiani.

Mungu hakuinusuru merikebu, wala hakumwondolea Paulo kifungo. Alimwekea mbele wema kisiwani, mikononi mwa wageni. Anayetazamia baraka katika merikebu tu aweza kuupita moto huo bila kushukuru.

Je, ni nani asiye wa imani yako ambaye Mungu amemtumia kukubariki? Umemrudishia nini?