Je, Kumwendea Mshauri ni Kukosa Imani?



Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja wa mtaa wetu alinijia baada ya ibada. Usiku halali, chakula hakipiti, hata kuwabeba wanawe kulimchosha. Nikamwambia, "Mama, zidi kusali." Aliitikia kwa heshima, akaenda zake. Baadaye aliacha kuja kanisani. Alikuwa amesali sana, na hali yake haikubadilika, akadhani Mungu amemkataa. Neno langu lilikuwa la kweli, lakini lilimwongezea mzigo.

Tumtazame Eliya katika 1 Wafalme 19. Nabii huyu alikuwa ameona moto ukishuka kutoka mbinguni, lakini chini ya mretemu aliomba afe. Mungu hakumkemea. Alimwacha alale, akamtuma malaika na mkate na maji. Kisha huko Horebu alimwuliza habari zake mara mbili, akamsikiliza. Ndipo akampa kazi, na Elisha wa kumsaidia.

Kazi hiyo ya kusikiliza inaweza kufundishwa. Huko Zimbabwe, mwaka 2006, Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili, alianza kuitayarisha pamoja na wanawake wazee wa Mbare, mjini Harare. Bibi huketi na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Hutaja shida zote, huchagua moja, hutafuta hatua ndogo ya kuikabili. Kisha mgonjwa hurudi kueleza ilivyokwenda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa walioketi na bibi hao walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida.

Je, bibi huyo amechukua nafasi ya Mungu? Hasha. Mwenye malaria humeza dawa na kusali vilevile, wala hatusemi amemwacha Bwana. Mbona anayeugua akili tunamhesabia upungufu wa imani? Mwenye dhambi ya kuungama, padre yupo. Lakini si kila huzuni ni dhambi, na kumtafutia mgonjwa kosa asilolitenda ni kumwumiza mara ya pili.

Basi, akikujia ndugu wa namna hii, msikilize kwanza. Tunza siri yake. Msindikize kwa daktari au mshauri, na njiani mwombee. Nami nilimwendea yule mama nyumbani kwake, nikamwomba radhi, kisha nikanyamaza ili yeye aseme.