Chuo Kikuu na Mwenyeji Wake

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Msomi afikapo kijijini ni mgeni. Je, mwenyeji wake hupona?

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kikiwa chuo kidogo chenye kitivo cha sheria peke yake, na mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kamili. Mwaka 1984 kikaanzishwa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro. Vyuo hivi vilijengwa kwa jasho la mkulima na mfugaji. Kwa hiyo elimu ya juu si mali ya aliyeipata. Ni amana aliyokabidhiwa.

Hebu tuitazame Wilaya ya Hanang. Huko Basotu, tangu miaka ya 1970, shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilifungua mashamba ya ngano yaliyoenea hadi kufikia takriban ekari 100,000. Wataalamu waliujua udongo, mbegu na mitambo. Lakini mbuga zile walizoziona tupu zilikuwa malisho ya Wabarbaig, waliohamisha mifugo yao kwa kufuata majira. Ngano ilipatikana, mfugaji akapoteza malisho. Hatusemi kwamba taifa halikuhitaji chakula. Twasema kwamba elimu inayoujua udongo bila kumjua mwenyewe ni nusu ya elimu.

Elimu hiyohiyo yaweza pia kusikiliza. Mwaka 1991 iliundwa Tume ya Rais ya kuchunguza masuala ya ardhi, ikiongozwa na Profesa Issa Shivji, mwalimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tume ilizunguka mikoani ikipokea malalamiko ya wananchi kabla ya kutoa mapendekezo. Si yote yaliyokubaliwa. Hata hivyo, sauti ya kijiji ilikuwa imekwisha kuandikwa, na mwaka 1999 Bunge likatunga Sheria ya Ardhi ya Vijiji.

Haja ya kusikilizana haijaisha. Tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe kutoka Mlima Hanang viliteremka juu ya Katesh, Gendabi na vijiji jirani, na watu zaidi ya 80 wakafariki. Mjuzi wa miamba aweza kutueleza kwa nini mteremko hulegea. Mzee wa Gendabi aweza kutuonyesha makorongo ambamo maji yamepita tangu enzi za babu yake. Wakikaa mbalimbali, kila mmoja anashika nusu tu ya ujuzi, na nusu haimwokoi mtoto aliyelala.

Basi maendeleo tusiyapime kwa wingi wa shahada. Tuulize kama mtafiti alirudi kijijini kueleza, kwa lugha inayoeleweka, yale aliyoyapata huko. Taarifa inayofungiwa kabatini ni amana iliyoliwa. Mgeni wa namna hiyo amekula, ameshiba na ameondoka. Mwenyeji bado ni mgonjwa.