Upole wa Buibui na Upole wa Mwenye Kumfuga

Ndugu mmoja akaaye Miasenyi, kile kituo cha reli kilichoko baina ya Mariakani na Voi, ametuuliza jambo ambalo halijapata kuulizwa katika ukurasa huu. Asema yuwataka kufuga buibui mkubwa wa manyoya, huyo aitwaye tarantula, ndani ya sanduku la kioo. Na ataka kujua ni yupi aliye mpole, asiyekwenda mbio, apate kumchagua. Wako watakaocheka. Sisi hatukucheka, kwani ndani ya swali hilo dogo mna swali kubwa: tusemapo kuwa hayawani fulani ni mpole, twamsifu yeye, au twasifu raha yetu?

Kwanza tumjibu kama alivyouliza. Wafugaji wa Ulaya na Marekani humnasihi anayeanza achukue buibui wa asili ya bara la Amerika: yule wa magoti mekundu wa Mexico, au yule wa rangi ya waridi wa Chile. Hawa huenda polepole, hukaa mahali pamoja siku nzima kama jiwe, na si wepesi wa kuuma. Walakini wasidhaniwe kuwa hawana silaha. Juu ya tumbo wana vinyweleo ambavyo, wakiudhiwa, huvipangusa kwa miguu ya nyuma vikaruka hewani. Vikimpata mtu ngozini huwasha kama upupu, na vikimwingia jichoni ni taabu kubwa. Basi wanayo njia ya kujitetea kabla ya kufika kwenye kuuma, na hiyo ni sehemu ya huo upole wao.

Buibui wa nyika zetu hakupewa vinyweleo hivyo. Hawa wa Kenya na Tanzania, ambao Wazungu huwaita buibui-nyani kwa vile ncha za miguu yao zinavyofanana na vidole vya nyani, hawana la kurusha. Akiguswa hana illa kukimbilia shimoni, au kusimama na kuonyesha meno, au kuuma. Yuko mmoja mkubwa, mwekundu kama kutu, mwenye miguu ya nyuma minene ya kuchimbia. Huchimba shimo refu katika udongo mgumu akakaa humo, na akisumbuliwa husugua miguu yake ukasikia sauti kama ya nyoka. Yuko na mwengine wa rangi ya machungwa, mwepesi mno, ambaye kuuma kwake hakujulikani kuua mtu, lakini humtia maumivu makali na kukakamaa kwa misuli. Watu humwita mkali. Mkali kwa nani? Yeye hakumfuata mtu nyumbani kwake. Ni mtu aliyemwendea na jembe.

Upole, katika lugha yetu, ni sifa ya mwenye uwezo. Twamwita mpole yule awezaye kupiga akauzuia mkono wake. Asiye na nguvu akinyamaza hatumwiti mpole, twamwita mnyonge. Sasa buibui wa Chile aliyetulia juu ya kiganja hakuzuia hasira yoyote, wala hampendi amshikaye. Yuwastahimili tu, au hajatambua kuwa kiganja kile si jiwe. Na kumshika huko kuna khatari zaidi kwake kuliko kwetu. Tumbo la buibui mkubwa ni laini. Akianguka kutoka mkononi mwa mtu aliyesimama laweza kupasuka akafa. Katika mchezo huo mtu atia raha yake, na buibui atia roho yake.

Kwa hiyo mpole wa kutafutwa ni mfugaji. Buibui jike wa aina hizi aweza kuishi miaka 20 na zaidi. Kijana amnunuaye leo atakuwa ameoa, amezaa, huenda amehamia mji mwengine, na yule yungali katika kioo chake yuwangoja maji. Hamlaki mtu mlangoni kama paka. Aweza kukaa wiki nyingi bila kula, hata mwenyewe akachoka naye. Siku moja atalala chali, miguu juu, na mtu wa pupa atamtupa jaani, kumbe yuwajivua gamba, na lau angeachwa angeinuka mpya. Nani atamtunza miaka yote hiyo kiumbe asiyemjua bwana wake?

Wako wasemao kuwa kufuga ni haramu kabisa. Twaona wamezidisha. Khabari ya mtoto Abu Umair na ndege wake yajulikana, na Mtume s.a.w. hakumkataza. Khabari ya mwanamke aliyemfunga paka, asimlishe wala asimwache ajitafutie, yajulikana pia. Ama kuuza na kununua, wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamesema kuwa wadudu wasio na manufaa kuwauza hakusihi. Nao hao hao wamejuzisha tausi kwa uzuri wa rangi yake, na ndege kwa sauti yake. Je, kumtazama buibui ni manufaa? Amtazamaye ili ajifunze ana hoja. Amtakaye ili awatishe wageni hana.

Liko na jambo ambalo ndugu yetu hakuliuliza. Aliyeko Miasenyi hana buibui wa Chile karibu yake. Walioko karibu ni wa nyika, na mashimo yao hayana mlinzi. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka wa 2013 haimruhusu mtu kuchukua wala kuuza kiumbe wa mwituni bila idhini, na wadudu hawakuachwa nje. Mwaka wa 2025 mahakama ya Nairobi iliwatoza watu wanne shilingi milioni moja kila mmoja kwa sababu ya chungu tu, wale wakubwa wavunao mbegu. Walipatikana zaidi ya 5,000, wengi wao wametiwa katika vichupa vyembamba vyenye pamba, tayari kwa wafugaji wa ng'ambo. Na yule wa magoti mekundu wa Mexico alisakwa kwao kwa ajili ya biashara hii hii, hata ikabidi tangu mwaka wa 1985 uuzaji wake utiwe chini ya mapatano ya mataifa.

Atakaye kumwona buibui wa nyika bila kumfunga aweza. Hutoka usiku akangoja windo mlangoni pa shimo lake. Na mtu akija na tochi, akasimama mbali kidogo bila kukanyaga kwa kishindo, atamtazama apendavyo. Ila avae viatu, kwani nyika ile ina nge na nyoka pia.