Mfupa Uliotoka Tanurini

Msomaji aliyeipitia Minhaji ya Imamu Nawawi, kitabu kilichosomeshwa sana katika madhehebu ya Shafi ya pwani yetu, hakosi kustaajabu kwamba mwanachuoni huyo, aliyefariki mwaka 1277, aliyaweka mas'ala ya kuunga mfupa katika mlango wa sala: aliyeunga mfupa wake kwa kilicho najisi kwa kukosa kilicho tohara ana udhuru, na asiyekuwa na udhuru imempasa akitoe, maadamu hachelei madhara ya dhahiri.

Hukumu hiyo hunijia kila nitokapo Msikiti wa Jamia kwenda kuwazuru wagonjwa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, wanakolazwa majeruhi wa bodaboda. Mfupa ukipungukiwa, desturi ya matabibu ni kukata kipande nyongani mwa mgonjwa mwenyewe, nako ni kuongeza kidonda juu ya kidonda. Wa maiti au wa mnyama una maswali yake. Ndipo ikaja kauri. Sifongo hunyweshwa uji wa kalsiamu na fosfeti, madini yale yale yaupayo mfupa ugumu, kisha hutiwa tanurini kwa joto lipitalo digrii 1,000. Sifongo huteketea, na palipokuwa na matundu yake hubaki mianya, ambayo sharti iingiliane na ipite upana wa sehemu ya kumi ya milimita, ili mishipa ya damu ipenye. Mwaka 1974 watafiti Della Roy na Linnehan, huko Marekani, walionyesha kwamba hata tumbawe laweza kugeuzwa jiwe la namna hii pasi na kupoteza vitundu vyake. Sisi wa pwani, tulalao ndani ya kuta za matumbawe, tusione ajabu.

Kazi ya vitundu hivyo niliiona juzi, Kawangware, nilipodondosha wino juu ya kigae cha jiko bovu: tone lilitua liking'aa, likasinyaa, na kabla sijafunga kalamu lilikwisha nywewa.

Wahofuo kwamba kutia kauri mwilini ni kubadili maumbile ya Mola huutazama ukuta wakalisahau tundu. Mfinyanzi hakufanya mfupa; amefanya nafasi, na mfupa ukaingia wenyewe kwa amri iliyoutangulia, na ziko kauri ambazo huliwa na mwili kidogo kidogo hata zisionekane tena.

Nikipima kwa hukumu ya Minhaji, madini matupu ni tohara, na mwenye nayo mguuni asali pasi na wasiwasi. Lakini ziko pia kauri zitokanazo na mfupa wa ng'ombe uliochomwa, na haijulikani kama ng'ombe huyo alichinjwa. Kwa hiyo, ewe ndugu, muulize tabibu asili yake kabla hujatiwa.