Ainame, Si Ainamishwe

Mkutano uliitishwa saa tisa alasiri chini ya mwarobaini ulio nje ya ofisi ya serikali ya mtaa, na kama ilivyo ada ukaanza saa kumi na moja. Barabara ya mtaani kwetu inapanuliwa. Vibanda vya pembeni vilikuwa vimeshapigwa X nyekundu, na kwenye bati moja rangi ilikuwa imechuruzika hadi chini kama jeraha. Akasimama mtaalamu aliyekuja na gari, fulana ya njano ya kuakisi mwanga juu ya shati, akaeleza mita za barabara, mitaro, taa na kituo cha mabasi. Watu wakaguna. Ndipo akatoa silaha yake: "Ndugu wananchi, wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame!"

Makofi. Hata mimi nilipiga. Mkono ulitangulia akili.

Mama mmoja anayeuza vitumbua pale pembeni akanyanyuka, akafunga kanga vizuri kiunoni, akasema, "Mheshimiwa, mimi nainama kwenye jiko toka saa kumi ya usiku, kila siku ya Mungu. Sasa naomba kuuliza, hicho cha mvunguni ni kipi, na mimi nitakipata lini?" Watu wakaangua kicheko. Mheshimiwa naye akacheka, akasema mama ana utani mzuri, akaita swali linalofuata.

Lile halikuwa utani. Mama yule alikuwa ameifafanua methali kuliko aliyeitamka, na kwa kuwa hakujibiwa pale, nitajaribu kumjibu hapa.

Sitapoteza wino kueleza kitanda ni nini na mvungu uko wapi. Kila aliyepita darasa la nne ameandika insha ya methali hii, na insha zote humalizika kwamba tujitahidi masomoni. Linalonikera ni jambo moja dogo la kisarufi ambalo limegeuka kuwa dhuluma kubwa: ni nani anayeinama?

Itazameni tena. Mtaka ndiye anayetaka, na huyo huyo ndiye anayetakiwa kuinama. Hakuna mtu wa pili katika sentensi ile. Hakuna jirani, hakuna mtumishi wa ndani, hakuna mwananchi wa kawaida. Kuna mtu mmoja, haja yake moja na mgongo wake mwenyewe. Na neno "sharti" linazidi kumbana. Tunalijua sharti kwa waganga: ukienda kutafuta dawa, unapewa masharti wewe. Sijapata kusikia mganga aliyemkataza jirani yako kula pweza ili wewe upone.

Wahenga wangeweza kusema "sharti ainamishe". Wangeweza kusema "sharti watu wainame". Lugha yetu ina mnyambuliko wa kutosha kwa kila uovu. Walichagua "ainame", kitenzi kikavu, kisicho na kiambishi cha kumsukumia mwingine kazi. Kuinamishwa tunakujua sisi tuliosoma shule za zamani: ulikuwa unashika vidole vya miguu, na aliyesimama nyuma yako alikuwa na fimbo. Yule naye alidai ni kwa faida yako.

Mwalimu Nyerere, katika andiko lake la mwaka 1968 la Uhuru na Maendeleo, alishikilia hoja inayofanana na hii: watu hawawezi kuendelezwa na mtu mwingine, hujiendeleza wenyewe. Tumezoea kuichukulia hoja hiyo kama siasa, lakini ni hoja ya kitenzi pia. Kuendelea na kuendelezwa ni mambo mawili, sawasawa na kuinama na kuinamishwa. Siku hizi vitenzi vyetu vyote vya maendeleo vimeingia katika kauli ya kutendwa. Wananchi wanaelimishwa, wanahamasishwa, wanawezeshwa, wanashirikishwa, wanahamishwa. Mbona hatusikii wametaka?

Nilipomweleza haya rafiki yangu, mwalimu mstaafu wa Kiswahili ambaye hucheza nami bao jioni, aliacha kete mkononi akanipinga kwa nguvu. Alisema ninaisoma methali kwa ubahili. "Mtaka" hapo si lazima awe mtu mmoja, alisema. Anaweza kuwa kaya, kijiji, taifa. Taifa linataka barabara, umeme na reli, basi taifa ndilo linaloinama. Leo zamu ya mgongo wa mama vitumbua, kesho wa mwingine. Nchi gani imejengwa bila watu kuumia?

Ni hoja nzito, na sitaki kuipita kwa kejeli. Mimi mwenyewe hupanda mwendokasi, na nakumbuka foleni ya Morogoro Road ilivyokuwa kabla ya 2016. Nimepanda treni ya umeme hadi Dodoma na nikajivuna dirishani kama mtoto. Bwawa la Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, si kitu cha kubezwa na mtu aliyezoea kusoma kwa kibatari. Bila kuinama visingewezekana. Lakini nikamwuliza mwalimu mstaafu: kama aliyeinama ni taifa, mbona migongo inayouma ni ile ile? Taifa likiinama, huinama kwa mfuko wake. Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema anayetwaliwa ardhi kwa manufaa ya umma alipwe fidia kamili, ya haki, na kwa wakati. Hiyo fidia ndiyo kuinama kwa taifa. Pesa ya wote inakwenda kwa mmoja aliyeguswa, ili uzito wa jambo la wote usimwangukie yeye peke yake. Fidia ikichelewa miaka, au ikimpita mpangaji wa kibanda kwa sababu hana hati, basi taifa limesimama wima, na mama vitumbua ndiye aliye mvunguni akipapasa gizani kwa niaba yetu.

Mtwara tuliliona hili waziwazi, tena huko mvungu ulikuwa mvungu kweli. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982 chini ya ardhi ambayo watu wake waliishi kwa korosho na samaki. Miaka thelathini baadaye ukaja mpango wa bomba la kilomita zaidi ya 500 kuipeleka Dar es Salaam. Watu wakaandamana, na maneno yao yalikuwa mafupi: gesi haitoki. Januari na Mei 2013 mji uliwaka moto. Watu walikufa, nyumba zikachomwa, wanajeshi wakapelekwa. Nchi nzima ikawashangaa, na wapo waliowaita wachoyo. Jibu la serikali lilikuwa kwamba rasilimali ni ya Watanzania wote, na kwa haki ya Mungu jibu hilo lilikuwa sahihi. Gesi si ya mtu aliyebahatika kuzaliwa juu yake. Mimi mchoma moto simtetei.

Ila wengi wa waliopinga hawakuwa wanadai gesi iwe yao peke yao. Waliuliza swali la mama vitumbua: cha mvunguni ni kipi, na sisi tutapata nini, lini? Waliwahi kuinama mara nyingi. Reli ya zamani ya Mtwara hadi Nachingwea, iliyojengwa na wakoloni kwa ajili ya karanga, iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya sitini. Mtu aliyeona reli ikiondoka na bomba likija kuchukua kingine ana haki ya kuuliza kabla hajainama tena. Bomba lilikamilika 2015. Gesi inafika kwenye mitambo ya umeme ya Kinyerezi, taa zinawaka, na mimi ni miongoni mwa wanaoziwasha. Kwa hiyo mtaka nilikuwa mimi wa Dar es Salaam. Aliyeambiwa ainame alikuwa mtu wa Msimbati, kule Mnazi Bay.

Wapo watakaosema hayo ni ya zamani na sasa uchumi umekua. Ni kweli umekua. Tarehe 1 Julai 2020 Benki ya Dunia ilituhesabu katika nchi za kipato cha kati, ngazi ya chini, tukashangilia. Lakini tazama hesabu nyingine ya nchi hiyo hiyo. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2011/12 uliwakuta watu 28.2 katika kila mia wa Tanzania Bara wakiishi chini ya mstari wa mahitaji ya msingi. Ule wa 2017/18 ukawakuta 26.4. Miaka sita ya uchumi kukua kwa takriban asilimia 6 kila mwaka, na katika kila watu mia hawakufika wawili waliovuka mstari. Idadi ya watu ikiongezeka kama yetu, tuliokuwa milioni 44.9 mwaka 2012 na milioni 61.7 mwaka 2022, asilimia ndogo namna hiyo inamezwa yote. Waliokuwa wameinama ni wengi kuliko walioinuka na kitu mkononi.

Kuna jambo jingine ambalo methali inalijua na wapanga mipango hawalijui. Anayeinama mwenyewe huona.

Bibi yangu alikuwa na kitanda cha kamba, mifumbati yake imelainika kwa miaka, matendegu yamekaa juu ya mawe ili mchwa wasipande. Mvunguni mwake mlikuwa na dunia: majembe, mkeka wa wageni, jungu bovu, na kibuyu cha karanga kilichozibwa kwa gunzi. Nilipolilia karanga hakumtuma shangazi. Alisema, "Unazitaka? Ingia." Nikaingia kwa tumbo, buibui usoni, nikagonga kisogo kwenye mfumbati. Nikakipata kibuyu, nikakitikisa, nikasikia kwamba kimefika nusu. Nikatoka na kiganja kimoja. Hakuna aliyeniambia nichukue kiganja kimoja. Sauti ya kile kibuyu ilitosha, maana hata mtoto alijua kwamba zilizobaki ni mbegu za masika. Ningeletewa karanga kwenye sahani, ningedai sahani ya pili.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaotenganisha maendeleo yanayodumu na maendeleo ya haki, kana kwamba la kwanza ni la wataalamu wa misitu na la pili ni la wanasiasa. Kwa methali hii ni jambo moja. Anayepikia mkaa uliochomwa Kilwa au Handeni bila kuuona msitu ukiisha hawezi kujua kibuyu kimefika wapi. Anayemwinamisha mwingine hudai sahani ya pili, kwa sababu kisogo chake hakijagonga popote.

Na anayepanga bila kuinama hukosea hata pale anapotaka mema. Pale Karume, Ilala, kulijengwa jengo la ghorofa kwa ajili ya wamachinga. Nia ilikuwa njema. Lakini machinga anaishi kwa miguu ya wapita njia. Mteja wake ni mtu aliyeteremka kwenye daladala bila nia ya kununua soksi, akaziona, akanunua. Mtu huyo hapandi ngazi. Meza nyingi zikakaa tupu, na barabara nje zikajaa bidhaa, hadi Oktoba 2021 walipoondolewa tena kwa magreda. Angekaa mtu wa ofisini siku tatu tu barabarani, akachuchumaa nyuma ya meza ya soksi, angejua. Wala haihitaji shahada.

 

Rafiki yangu wa bao hakukubali yote. Alisema kwamba kama kila mtu atasubiri mwenye kutaka aanze kuinama, hapatajengwa hata kalavati. Nikamwambia sijasema tusubiri, nimesema tuanze na wenye kutaka zaidi. Mwenye gari apishe kwanza mita za kuegesha gari lake. Mwenye kiwanja cha kona aliyeongeza ukuta hadi kwenye hifadhi ya barabara, tunamjua, avunje wa kwake siku ile ile kinapovunjwa kibanda. Akatikisa kichwa, akapanda kete, akanila mbili.

Barabara ya kwetu bado inajengwa, na nasubiri kwa hamu ikamilike. Mama wa vitumbua amehamia ng'ambo, kwenye uchochoro, ambako wateja wake wa asubuhi hawapiti. Ninalo ombi moja kwa watumishi wa umma wanaosoma haya na ambao wiki hii au ijayo watasimama chini ya mwarobaini mwingine. Waacheni wahenga wapumzike. Semeni hivi: tunawaondoa hapa, tunawapeleka pale, fidia ni shilingi kadhaa, na italipwa tarehe fulani kabla greda halijafika. Hicho nacho ni Kiswahili, na kila mtu atakielewa.