CHAPA YA DINARI

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu zetu Waislamu, mwenye kutaka kujua watu wa kale walitegemea nini, na atazame sarafu zao. Watu wa Athens walipiga chapa ya bundi, ndege ambaye kwetu akilia usiku wajinga husema analeta kisirani. Kwao alikuwa ndege wa Athena, mungu wao wa kike. Watu wa Cyrene, katika nchi ya Libya, walitia picha ya silfio, mmea wa dawa uliowatajirisha. Wafalme wa Uajemi walitia madhabahu ya moto, na watu wawili wamesimama kuulinda. Na Warumi wa Konstantinopo walitia msalaba juu ya ngazi.

Waislamu walipozifungua Shamu na Uajemi hawakuzitupa sarafu hizo mara moja. Kwa miaka mingi dirhamu zilikuwa na sura ya mfalme wa Kiajemi na moto wake, ila pembeni pameandikwa "Bismillahi". Huko Shamu zilipigwa dinari za kuiga za Kirumi, lakini kile kijiti cha kukingama kikaondolewa msalabani, ikabaki nguzo juu ya ngazi zake. Ifikirini nguzo ile: si msalaba tena, wala haimfundishi mtu tauhidi. Kisha Khalifa Abdulmalik bin Marwan akatia sura yake mwenyewe, amesimama na mkono u juu ya upanga. Na upande wa pili nguzo ingali ipo.

Hata ulipofika mwaka 77 wa Hijra (696–697), Khalifa huyo akapiga dinari isiyo na picha yoyote. Ikaandikwa kuwa hapana Mungu ila Mwenyezi Mungu peke yake, hana mshirika. Na upande wa pili maneno ya Suratul-Ikhlas. Pembeni ikatiwa sehemu ya aya ya 33 ya Suratut-Tawba, kuwa Mtume ametumwa kwa uwongofu na dini ya haki. Uzito wake ukawa mithqali moja, kadiri ya gramu 4.25. Mwendo huo ulifika mpaka pwani yetu: masultani wa Kilwa walipiga sarafu za shaba zenye maandishi, jina la Sultani upande mmoja, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mola.

Sasa ufungueni Msahafu mtazame aya zifuatazo ile iliyopigwa juu ya dinari, yaani ya 34 na ya 35. Hapo wametajwa wanaolimbikiza dhahabu na fedha wasizitoe katika njia ya Mwenyezi Mungu. Mali hiyo itatiwa katika moto wa Jahannamu, nao wachomwe kwayo vipaji vya nyuso, mbavu na migongo. Basi aliyeishika dinari alikuwa na aya moja kiganjani, na onyo lake linaifuata pale pale. Mtu huipiga dhahabu chapa duniani. Akiizuilia haki yake, dhahabu itampiga chapa yeye Akhera.

Ndugu zangu, tujiulize: je, sisi tumefika kwenye dinari ya mwaka 77, au tungali kwenye nguzo? Yuko aliyetundika Ayatul-Kursiyyu ukutani mwa duka, na chini yake mizani inapunja. Yuko anayeswali safu ya mbele, na fungu la mirathi la dada zake liko mkononi mwake mwaka wa kumi. Hawa wamekata kijiti cha juu tu. Nguzo wameiacha imesimama, na nguzo yenyewe ni kuipenda mali kuliko amri ya Mola wao.

Wala asiseme mtu, "Dinari hazipo tena; fedha zetu ni karatasi na hesabu ya benki." Jina limegeuka, hukumu haikugeuka. Mwenye thamani ya mithqali 20 za dhahabu, ikapitiwa na mwaka mkononi mwake, imempasa atoe fungu moja katika arubaini. Basi kila mmoja wetu na ahesabu alicho nacho kabla hajahesabiwa, na mwenye haki ya mtu amrudishie angali hai.

Mwenyezi Mungu aitakase mioyo yetu kabla ya mikono yetu. Amin. Wabillahi tawfiq.